Alikamatwa Ijumaa: Je, Lazima Asubiri Jumatatu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtoto wa marehemu dada yangu, kijana anayebeba dagaa katika mwalo wa Kibirizi, alikamatwa Ijumaa jioni akituhumiwa kununua simu ya wizi. Jumamosi nilipofika kituoni niliambiwa kwamba mahakama haifunguliwi mpaka Jumatatu, na kwamba nikitaka atoke nilipie dhamana. Je, sheria inasema hivyo?
Mama mlezi, Mwanga, Kigoma

JIBU: Pole sana, mama. Sheria haisemi hivyo. Ibara ya 15 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mtu kukamatwa au kuwekwa kizuizini isipokuwa kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, na utaratibu huo umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa, ikiwa haielekei kwamba ataweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, anapaswa kuachiwa kwa dhamana, isipokuwa kosa lenyewe likionekana kuwa zito. Kwa hiyo kufungwa kwa milango ya mahakama Jumamosi si sababu ya kumzuia kijana, kwa kuwa mkuu wa kituo anayo mamlaka ya kumwachia kwa dhamana bila kumngoja hakimu.

Kuhusu fedha, naomba ulishike hili kwa mikono miwili: dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini hutia saini ahadi kwamba mtuhumiwa atarudi siku atakayotakiwa, na kiasi kinachoandikwa katika hati ya ahadi hiyo hudaiwa tu iwapo mtuhumiwa atatoroka. Anayekudai fedha mkononi ili afungue mlango wa mahabusu anaomba rushwa, na unaweza kumripoti TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Rudi kituoni ukiwa na mdhamini mwenye kitambulisho na, ukiweza, barua ya serikali ya mtaa. Uliza kwa upole kosa ni lipi na kijana aliingizwa mahabusu saa ngapi, kisha uandike majibu pamoja na jina la askari aliyekujibu. Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza kutamponza ndugu yao. Naielewa hofu hiyo, lakini kijana bado ni mtuhumiwa tu, na Ibara ya 13 inakataza kumtendea kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa, na inakataza pia kumtesa.

Akiendelea kushikiliwa, mwone msaidizi wa kisheria, yaani mtu aliyefunzwa kusaidia watu katika mambo ya sheria ingawa si wakili, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru mtu anayeshikiliwa kinyume cha sheria aachiwe. Ibara ya 30 inaruhusu pia shauri la kikatiba, ila njia hiyo ni ndefu, na mahakama hutazama kwanza kama nafuu ingeweza kupatikana kwingine. Kwa kijana aliye ndani leo, anza na mkuu wa kituo.