Kampala mtaa una nguvu, ila si kila kitu

Umeuliza kama Kampala mtu anashabikia timu ya soka ya mtaa wake, mi naona inategemea timu ndugu yangu. Timu ya Express, ukienda uwanja wao wa Wankulukuku siku ya mechi utaona, kuanzia kwa muuza chapati hadi bodaboda wote wamevaa nyekundu, pale ni kwao kabisa. Timu ya KCCA ilianza 1963 kama timu ya wafanyakazi wa halmashauri ya jiji, kwa hiyo ilishika watu kupitia kazi kabla ya uwanja wa Lugogo kuwa nyumbani kwake. Timu ya Villa ndo tofauti, hao walikuwa wanajaza uwanja wa Nakivubo, katikati ya jiji karibu na soko la Owino, kila mtu anapita hapo ndo maana mashabiki wake wametapakaa nchi nzima.