Mke wako hana dharau, ana hesabu

*Shangazi, nimeoa miaka 12 sasa na tuna watoto watatu. Rafiki yangu wa siku nyingi aliniomba nimdhamini mkopo. Tulikuwa na wenzetu, nisingeweza kumwangusha, nikasaini. Ameacha kulipa, hapatikani, na makato yanapita kwenye mshahara wangu. Sikumwambia mke wangu ili nisimpe presha. Makato yalipoanza nilimwambia kazini mambo yamebana. Siku moja akafungua barua ya mkopeshaji bila ruhusa yangu. Tangu hapo amebadilika. Nikimpa hela ya matumizi anaihesabu mbele yangu na kuiandika kwenye daftari. Hanigombezi, ila haniombi kitu. Nifanyeje anirudishie heshima kama kichwa cha nyumba? – Baba Watatu*

Mwanangu, pole. Kulipa hela ambayo hukuila kunauma. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu katika barua yako yote mtu pekee aliyefanya la maana ni huyo mke unayemshtaki.

Hukumficha ili kumpunguzia presha. Ulimficha kwa sababu ulijua angekuuliza maswali mawili, "anakopa kiasi gani?" na "akishindwa nani analipa?", na hukuwa na majibu. Kisha ukaongeza uongo wa pili, wa kazini. Hela ya nyumbani ikapungua mwezi baada ya mwezi, yeye akabana matumizi akikuonea huruma, hadi barua ikamwambia ukweli. Sasa anahesabu kwa sababu neno lako halimtoshi tena. Hilo silioni kuwa dharau. Ni mama wa watoto watatu anayetaka kujua mwezi utafikaje mwisho.

Wanaume mna ugonjwa huu. Mtu akiombwa jambo mbele ya wenzake anaona kukataa ni kuvuliwa nguo, na waombaji wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana hawaji na fomu nyumbani mchana, mkeo akiwa amekaa pembeni. Huja penye vicheko, kalamu tayari, wakisema "ni sahihi tu". Si sahihi tu! Mdhamini anabeba deni lote kama mkataba unavyosema, pamoja na riba na faini za kuchelewa, na mikataba mingi humruhusu mkopeshaji kukugeukia wewe moja kwa moja bila kuhangaika kwanza na mkopaji. Sifa ya jioni moja, kilio cha miaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wewe hata harusi yenyewe hukuila.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa mkopeshaji uombe taarifa ya deni kwa maandishi: salio, riba, faini, na mwezi wa mwisho wa makato. Uliza kama wanaweza kufuta faini au kurefusha muda ili makato yapungue, ila jua kwamba muda ukirefuka, riba nayo kwa kawaida huongezeka. Usikope kwingine kulipia hapa.

Ukishapata karatasi hiyo, subiri watoto walale, zima simu, iweke mbele ya mkeo. Sema mambo matatu tu: nilisaini bila kukwambia, nilikudanganya kuhusu kazi, kilichobaki ni hiki. Ukisikia ulimi unataka kusema "lakini", nyamaza. Usiguse habari ya barua kufunguliwa. Usitangulize zawadi, ataiona ni hongo, tena imenunuliwa kwa hela ya matumizi. Na usiwaite wazee wamkanye kabla hujakiri mwenyewe.

Atakuuliza kama kuna deni jingine. Kama lipo, hata dogo, litaje usiku huohuo, kwa sababu akiligundua mwenyewe baadaye hataamini tena lolote utakalosema. Wiki mbili baadaye atauliza tena swali lilelile. Wengi wenu hapo ndipo mnapoharibu, mnafoka "si nilishakwambia!" Anachopima ni kama jibu la leo linafanana na la juzi. Jibu kwa utulivu, hata mara ya tano. Na kila mwezi mwonyeshe hati ya mshahara kabla hajaiomba.

Hiyo heshima unayoidai, nakuambia wazi, sitamwagiza mkeo akupe. Kichwa cha nyumba kisichojua nyumba inadaiwa kiasi gani kinaongoza nini?

Kuhusu rafiki yako, usimkimbize mitaani. Mwandikie kumdai, ubaki na nakala. Kila makato yakipita, chukua uthibitisho na uhifadhi, maana kwa kawaida mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji. Akija mwingine na fomu, jibu ni moja: "Iache, nitaisoma na mke wangu." Mwenye nia njema ataiacha.