Kabla ya Kufungua Chupa ya Dodoma, Uliza Wamekata Lini

Jumapili jioni msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimetoka Dar mpaka Dodoma kwa ajili ya mvinyo. Nimefika shambani nimekuta visiki na waya. Mnatusifia nini?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Sikumkasirikia, maana maneno kama hayo niliwahi kuambiwa ana kwa ana mbele ya watu kumi na mmoja, na mpaka leo nikiyakumbuka yananichoma.

Ilikuwa Mei 2017. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kutembeza wageni, na safari yangu ya kwanza kubwa niliitangaza kwa mbwembwe: mashamba ya zabibu, kiwanda, chakula cha mchana chini ya mbuyu. Mimi mtoto wa shamba la zabibu, niliyekulia Mpunguzi kwenye barabara ya Iringa, nilipanga tarehe kwa kuangalia likizo za wateja. Sikumuuliza mama. Tulipofika, mashina yalikuwa yamekatwa yakabaki vijiti vifupi, hakuna jani. Kiwandani tukazuiwa getini kwa sababu sikupeleka barua mapema. Mgeni mmoja akasema kwa sauti, kila mtu akimsikia, kwamba angejua angeweka akiba yake aende Cape Town. Nililia usiku ule, na nusu ya pesa nikawarudishia.

Asubuhi yake mama alinipeleka shambani, akanipa mkasi. "Kwenu huko vitabuni," akaniambia, "baridi ndiyo inaulaza mzabibu. Hapa haulali wenyewe. Tunaulaza sisi."

Sentensi hiyo ndiyo kazi yangu yote leo. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, nchi kame inayopata mvua kidogo, nyingi kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi na miezi ya jua na upepo. Hakuna majira ya baridi ya kuangusha majani kama Italia au Ufaransa. Mkulima anakata, mzabibu unashtuka, unachipua, unatoa maua, na baada ya takriban miezi minne kuna vishada vya kuvuna. Ndiyo maana wenzetu wa Ulaya wanavuna mara moja kwa mwaka na sisi tunavuna mara mbili: karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya kipindi cha mvua yana kazi kubwa, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, unaingia na salfa inapulizwa bila kupumzika. Yale ya kiangazi ndiyo ninayoyapenda. Hewa kavu, usiku wa baridi, sukari inapanda kwenye tunda.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika, visiki ulivyoviona vilikuwa mwanzo wa mvinyo. Ulifika siku ambayo mgeni wa kawaida hajui hata kama ipo. Ungeuliza tu, "Mmekata lini?", ungehesabu mwenyewe miezi minne na kujua siku ya kurudi. Hilo ndilo swali la kwanza. Piga simu, uliza wamekata lini, kisha ndipo ukate tiketi.

Babu yangu alijifunza zabibu kutoka kwa watu waliojifunza misheni ya Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu miaka ya 1950 ili wapate mvinyo wa altare. Mmea ukatoka kwenye ua wa kanisa ukaingia kwenye mashamba ya Wagogo, waliokuwa wakilima uwele na mtama kwenye udongo uleule. Leo ukienda Makutupora, barabara ya Kondoa, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na aina ya zabibu nyekundu inayobeba jina la mahali hapo ndiyo inayojaza mashamba mengi. Ukienda Hombolo utakuta mizabibu na kiwanda. Naomba usizipite sehemu hizi ukikimbilia duka la chupa mjini.

Kuna mwaka lori la mnunuzi halikuja. Sitataja ni nani. Kreti za mama zilikaa chini ya mwembe siku nne, nyuki wakazijaa, harufu ya kuchacha ikaingia mpaka ndani ya nyumba. Mama aliuza alichoweza kwenye ndoo kando ya barabara, kingine tukafukia. Niliwahi kusikia watu wanauliza kwa nini wakulima wengine wameng'oa mizabibu wakapanda alizeti. Ndiyo sababu. Siku hizi majirani kadhaa wanakamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, kwenye matangi, ili lori likichelewa, jasho lao lisioze.

Agosti iliyopita nilileta wageni kumi na wanne. Walipanda treni ya SGR kutoka Dar mchana, jioni wako Dodoma. Alfajiri ya pili, saa kumi na mbili, kila mmoja alikuwa na mkasi na kreti, maana jua likishapanda tunda linachemka. Kwanza wakala zabibu. Nikawaambia watafune na ganda. Kisha wakanywa juisi iliyokamuliwa palepale, tamu, karibu haina rangi. Kisha tukaonja mchuzi unaochacha na maganda yake, mwekundu, unatoa mapovu kwa sababu hamira inakula sukari na kutoa kileo na gesi. Mwisho ndiyo chupa. Dada mmoja akashusha glasi akasema, "Huu ukakasi ni wa lile ganda la asubuhi." Mama yangu alimkumbatia. Asiye mnywaji pia alikuwepo, na alifurahi na ndoo yake ya zabibu.

Jamani, tuache kuweka chupa za nje mezani kwenye harusi zetu huku kreti zinaoza Mpunguzi. Njoo uvune, ununue shambani, umlipe mkulima mkononi. Piga simu kabla. Kiwandani omba ruhusa mapema, usifanye kama mimi. Vaa viatu vya kufunika vidole na beba kofia. Na uliza wamekata lini, nalirudia, kwa sababu bado watu wanakuja bila kuuliza.

Msomaji wangu, mama anakata shamba lake Jumatano hii. Hesabu. Kreti yako nitaiandika jina.