Shahada ya muziki kwa kijana wako: angalia zaidi ya ada

Dada yangu, umeuliza kama umruhusu kijana wako aliyemaliza kidato cha sita asome shahada ya muziki, na unaogopa fedha zitapotea. Nimefundisha kinanda kwa miaka mingi, na naielewa hofu yako.

Ada ni sehemu tu ya gharama. Kuna chombo chake mwenyewe, chakula, nauli, na miaka mitatu bila kipato. Akichukua mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

Harusini na hotelini hakuna anayeuliza cheti. Anaitwa anayepiga vizuri na kufika kwa wakati. Shahada huleta mkate pale penye mshahara, hasa ualimu. Kwa hiyo kama ni shahada, ningemshauri achukue ya ualimu yenye somo la muziki, si ya kupiga jukwaani peke yake. Shule za kimataifa za Dar na Arusha huhitaji mwalimu anayesoma nota na kuandaa watoto kwa mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, na jioni anaweza kufundisha majumbani.

Tena, si lazima aanzie chuo kikuu. Kuna stashahada ya TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Zanzibar kuna DCMA, shule ya muziki iliyofunguliwa 2002, wanakofundisha udi na fidla za taarab.

Je, nota anazisoma, au anapiga kwa sikio tu? Nijibu hilo kwanza.