Naosha kwa maji yanayochemka, mbona maziwa yanakataliwa?

Swali: Shikamoo daktari. Nina ng'ombe sita hapa Pongwe, Tanga, nakamua kwa mashine ndogo ya ndoo. Wiki hii maziwa yamekatika mara tatu kwenye kipimo cha alkoholi kituoni. Ng'ombe wamepimwa viwele, ni wazima. Mashine naiosha kila siku kwa maji yanayochemka. Shida iko wapi?

Jibu: Marahaba. Hayo maji yanayochemka ndiyo ninayoyashuku kwanza. Yakikuta mabaki ya maziwa huyapika, yakagandia kwenye mpira wa ndani ya kikombe cha chuchu kama uji ulioungulia sufuriani. Bakteria hujishikiza hapo na kutoa ute wa kujifunika. Ni ukoga ule ule wa meno: kusukutua hakuutoi, mpaka mswaki. Klorini nayo huishia juu juu. Wa chini wanabaki hai, na kila ukikamua wanabanduka na kuingia kwenye maziwa. Ya jioni, yakilala bila kupozwa hadi nyuzi 4, asubuhi yameshachachuka, na yaliyochachuka hukatika kwenye alkoholi.

Chomoa mpira mmoja wa kikombe cha chuchu, usugue ndani kwa kidole. Ukiteleza kama kambare, mwizi umemshika. Wenye nyufa usiuhurumie. Mipira mingi ya sintetiki huhesabiwa kudumu mikamuo 2,500 (ng'ombe mmoja akikamuliwa mara moja ni mkamuo mmoja). Kwa ng'ombe wako sita, mara mbili kwa siku, hiyo ni kama miezi saba tu.

Ukimaliza kukamua, hapo hapo suuza kwa maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, mpaka yatoke safi. Ndipo uje na maji ya nyuzi 70 na sabuni ya alikali ya vyombo vya maziwa (ya kufulia nguo hapana), brashi ndefu, dakika kumi. Suuza tena, ninginiza vikauke. Klorini weka muda mfupi kabla ya kukamua.

Kama maji yako ni ya kisima, kuna jingine. Pongwe mmekalia mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko hapo. Chokaa ya maji ikikutana na maziwa hufanya gamba jeupe ambalo sabuni hailiwezi. Linataka asidi ya vyombo vya maziwa, mara moja kwa wiki. Usiichanganye kabisa na klorini, hutoa gesi ya sumu.

Kesho kamua ng'ombe mmoja nusu kwa mkono kwenye chombo safi cha chuma, nusu kwa mashine, upeleke chupa zote mbili kituoni. Ikikatika ya mashine peke yake, anza na mipira.