Gari la spoti la zamani au jipya? Mimi nauliza fundi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mtu akijaliwa pesa za gari moja la starehe, anunue gari la spoti la zamani au jipya? Na kabla hata hatujajibu mkaongeza kwamba ya zamani siku hizi ni "mapambo ya kukaa chini ya turubai". Hayo maneno ya turubai ndiyo yaliyonifanya niandike. Ninalo gari la namna hiyo, na turubai nalijua linachofanya.

Langu ni Datsun 240Z. Nimeachiwa na ami yangu, naye alilinunua hapa hapa Mombasa kwa mtu aliyekuwa anahama. Ukilifunika gari hili kwa turubai hapa pwani, unyevu unajifungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, na kutu haingoji. Inaanzia chini ya betri, pale asidi inapodondoka. Inahamia sakafuni chini ya zulia, halafu kona za nyuma ya milango. Siku unayoinua zulia unakuta bati limevimba kama mkate. Na hilo ni bati tu. Petroli inachacha ndani ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, na kuganda kwenye matundu yake madogo, mipira ya breki inakauka, sili zinaanza kuvuja. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gari la spoti liendeshwe, au apewe mwenye kuliendesha. Sina ubaya na Concours d'Elegance, yale mashindano ya urembo wa magari pale uwanja wa farasi wa Ngong, Nairobi, nimekwenda na nimefurahi, lakini gari linalotoka ndani siku hiyo tu mwaka mzima linanisikitisha.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa 240Z ni gari gani. Kwa vijana nitasema kwa kifupi. Mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1971 yalichukuliwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller kwa 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta kwa 240Z nyingine. Pasaka ya 1973 Mehta akashinda mwenyewe, na Lofty Drews pembeni yake. Alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa na Datsun, ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na mwaka mmoja tu kabla ya ushindi huo Idi Amin alikuwa amewafukuza Wahindi nchini humo, familia yake ikiwamo. Kwetu sisi hilo halikuwa gari la Kijapani. Lilikuwa gari la Safari, lenye matope mpaka juu ya paa, na ndiyo maana sikubali kuambiwa ni la mapambo. Hata leo, kwenye ile Safari Classic ya magari ya zamani iliyoanza 2003, gari za aina hii bado zinapigwa vumbi.

Na raha yake je? Injini ni silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, katika gari lenye uzito wa kama tani moja. Usukani hausaidiwi na kitu chochote, kwa hiyo kokoto unayoikanyaga unaisikia viganjani. Unakaa chini, karibu na magurudumu ya nyuma, na boneti refu liko mbele yako lote. Gari jipya lina nguvu mara mbili au tatu ya hizo, nakubali, lakini katika gari jipya mwendo wa kilomita 80 ni usingizi. Katika hili, mwendo huo huo unakutaka mzima: macho, mikono, miguu na masikio.

Masikio hasa. Hapo naomba mnivumilie.

Ami alipoona magoti yake hayawezi tena klachi, aliniita akaniwekea ufunguo mezani. Lakini fundi wake, mzee wa Majengo aliyelishika gari hilo miaka yote, akakataa nisiondoke nalo hivi hivi. Akasema, "Kwanza nilisikie mlimani, huyu kijana akiwa ameshika usukani." Gari lina viti viwili tu, basi ami akabaki barazani na sisi tukaondoka alfajiri kuelekea Wundanyi. Mzee alichukua bisibisi, kitambaa, na kipande cha mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, urefu wa mkono. Sikumuuliza wa nini.

Mpaka Mariakani tulikwenda vizuri. Baada ya hapo jua likapanda na malori yakajaa, tukawa tunajikokota nyuma ya matela, injini ikizidi kupata moto. Tulipofika Mackinnon Road tukasimama msikitini kwa Sayyid Baghali kama wasafiri wengi wanavyofanya. Tukasali, tukaomba dua ya safari, tukarudi garini. Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka.

Nikapiga tena. Utingo wa lori moja akaja akasema ni plagi. Mwingine akasema pampu imekufa. Watoto walikuwa wameshajaa. Mzee akaweka mkono wake juu ya wangu, akaniambia, "Mwanangu, acha. Utaua betri bure. Petroli inachemka."

Akafungua boneti, ambalo kwa gari hili linafungukia mbele, hivyo ukisimama ubavuni unaiona injini yote. Akanionyesha: kabureta zote mbili zimekaa upande wa kushoto, na chini yake, upande huo huo, ndipo mabomba ya moshi yanapotokea. Gari likiwa mwendoni upepo unapita katikati. Ukilizima likiwa na moto, upepo unakatika, na joto la chuma linapanda juu kwenye mabakuli ya kabureta na kwenye kibomba cha petroli. Petroli inageuka mvuke. Unapiga stata, na pampu haina cha kusukuma ila mvuke. Hakuna kilichoharibika.

Akalowesha kitambaa, akaizungushia pampu, pale mbele upande wa kulia, akakivuta mpaka juu ya kibomba. Boneti akaliacha wazi. Tukakaa kivulini. Nilitaka kila dakika kwenda kujaribu, naye akinizuia kwa kuniuliza habari za watoto, habari za kazi, bei ya samaki. Akanisimulia jinsi alivyokuwa kijana wa kubeba jeki na magurudumu kwa dereva mmoja wa hapa Mombasa wakati wa Safari, na jinsi walivyolala Taita wakingoja gari lao, likafika halina taa hata moja. Kile kitambaa akakilowesha tena. Nilipomaliza kusahau kwamba nina haraka, akasema, "Haya, sasa." Ikawaka mara moja.

Kutoka Voi tukakata kushoto, Mwatate, halafu mlima. Ile barabara ya kupanda Wundanyi wanaoijua wanaijua. Gia ya pili, ya tatu, rudi ya pili, kona inafungua kona. Mzee hakuwa akitazama njia. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye dashibodi. Kila nikikanyaga mafuta kutoka kwenye kona alikuwa anatikisa kichwa. Mimi nilisikia injini tamu kuliko zote duniani. Yeye alisikia jambo lingine.

Tukafika juu, hewa ya baridi, akaniambia nisimame na nisizime. Akafungua chombo cha kuchujia hewa, midomo ya kabureta ikabaki wazi, akaniita. Akachukua ule mpira, ncha moja akaiingiza sikioni, ncha ya pili akaiweka kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Akasikiliza. Akahamia ya nyuma. Akazungusha skrubu kidogo sana, chini ya robo. Akarudi ya mbele. Kisha akaniwekea mimi mpira sikioni. Nikasikia hewa inavutwa, shhh, basi. Akahamisha. Shhh. Nikamwambia ni sawasawa. Akasema, "Sikiliza tena, usisikilize sauti kubwa, sikiliza iliyo chini yake." Akaihamisha mbele, nyuma, mbele, nyuma. Na ghafla nikaisikia: ya nyuma ilikuwa nene zaidi. Ilikuwa inavuta hewa nyingi kuliko mwenzake, kwa hiyo silinda tatu zilikuwa zinafanya kazi zaidi ya tatu nyingine. Nikaambiwa niirekebishe mwenyewe, mpaka zote mbili zikawa na sauti moja.

Halafu akanifundisha kuinua ile pistoni ndogo ya kabureta kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu. Injini ikipanda mbio na kubaki huko, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, hewa imezidi. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, iache. Tulikaa hapo mpaka mchana umegeuka. Kushuka mlima lilikuwa gari tofauti, na sisemi hivyo kwa mapenzi tu: lilikuwa linaitika mguu kabla sijamaliza kukanyaga.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu nikiiandika nimeona kitu ambacho sikukiona nilipoanza. Nilikuja hapa kuwatetea wanaoendesha dhidi ya wanaofunika. Lakini siku ile ya Wundanyi aliyekuwa analiweka hai lile gari si mimi niliyeshika usukani. Alikuwa yule mzee na sikio lake.

Na sikio hilo limechoka. Mzee yupo, alhamdulillahi, lakini hasikii vizuri tena, na mpira ameuweka chini mwenyewe bila kuambiwa. Mwaka jana nililipeleka gari kwenye gereji moja kubwa yenye vijana wasomi na wenye adabu. Gari la kompyuta wangelimaliza asubuhi moja. Kabureta pacha hawakuwahi kuzishika. Walifungulia petroli mpaka moshi ukawa mweusi na plagi zikaja zimefunikwa masizi. Siwalaumu, nani aliwafundisha? Vipuri ukitafuta utavipata, vingine vinatengenezwa upya nje ya nchi, ukiwa na subira na pesa ya ushuru. Sikio halipatikani kwa kuagizwa.

Kwa hiyo naanza kuwaelewa wenye turubai. Pengine si kiburi. Pengine fundi wao alifariki, na mtu anaogopa kuliwasha gari ambalo hajui nani atalirekebisha likikosea. Hata langu mvua za masika hizi limelala ndani, betri imetolewa, na kila wiki nairudisha, naliwasha na kulizungusha mtaa kabla ya Fajr. Huko si kuendesha kama nilivyokuwa nahubiri hapo juu, najua.

Sasa swali lenu. Mwenye pesa za gari moja tu, anunue jipya. Nasema hivyo nikiwa na 240Z uani kwangu, na nasema kwa moyo mzito. Gari moja maana yake ndilo la hospitali usiku, la watoto shule, la msibani Malindi, na hili halifai kutegemewa hivyo katika joto letu na katika foleni ya Changamwe. Lakini akiwa tayari ana gari la kazi, na ana mahali pakavu pa kuliweka, na amemwona kwa macho yake fundi anayeweza kuzisikiliza kabureta mbili, basi jibu langu linageuka na nitamsukuma anunue kesho. Huyo fundi awe wa kwanza. Na kama ni mzee, amlipie kijana akae pembeni yake ajifunze, kama ninavyofanya sasa kwa mjukuu wa fundi wetu, ambaye ana sikio zuri na bado hana subira. Mzee hasikii mvumo wa hewa lakini anaweka kiganja juu ya boneti na kumwambia bado, bado, na mara nyingi yuko sahihi.

Na anayekwenda kununua, asianze kwa kuangalia rangi ya nje. Aombe betri itolewe, atazame bati lililo chini yake. Akikuta kutu, wazungumze bei. Akikuta hapo tu pamepakwa rangi mpya na kwingine ndani ya boneti ni ya zamani, ashukuru kwa kukaribishwa, aondoke.

Msomaji, Mombasa