Usikariri "take" peke yake

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Sinza, na wanafunzi wangu wengi ni wauzaji wa Kariakoo na wahudumu wa hoteli. Ukiwauliza "take" maana yake nini, wanajibu kwa sauti moja: kuchukua. Sawa. Sasa nitafsirieni "kunywa dawa". Ubaoni panatokea "drink medicine", wakati Mwingereza husema "take medicine", iwe ya maji au vidonge. "Kupanda daladala" inakuwa "climb", na ilitakiwa "take a daladala". "Kupiga picha" je? "Take a photo". Kuchukua kwenyewe hakumo.

Kwa hiyo achana na lile daftari la mistari miwili, neno kushoto, maana kulia. Neno la Kiingereza ni kama kanga, linanunuliwa kwa doti. Andika "take a photo" lote kwa pamoja, "take a seat" lote, "take an exam" lote, na mbele yake weka sentensi inayokuhusu wewe, ya kazini kwako au nyumbani kwako.

Kuna wanaonung'unika kwamba Kiingereza hakina mpangilio. Jamani, na sisi je? Tunapiga simu, tunapiga pasi, mswaki, kura, hodi, magoti, na hakuna aliyeumia. Mgeni akikuuliza kwa nini pasi inapigwa, utamwambia ndivyo tunavyosema, basi. John Rupert Firth, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1957 kwamba neno hulijui mpaka uwajue wenzake linaoandamana nao. Mtoto wa Manzese anayetumia "piga" bila kukosea analijua hilo bila kusoma isimu.

Muundo utakaokufaa zaidi mjini hapa ni wa muda, maana foleni tunaizungumzia kila siku. "It takes me two hours to get to Posta." Angalia mpangilio: "it takes", halafu mtu, halafu muda, halafu "to" na kitenzi. Ukiushika huo, unabadilisha mtu na muda tu: "It takes him ten minutes to fry chips." Huu ninaurudia darasani mpaka wananichoka.

Kisha kuna "take off", yenye kazi mbili. Ndege ikipaa, "the plane takes off", na hapo hakuna cha kuongeza. Ukivua viatu, unaweza kusema "take off your shoes" au "take your shoes off", zote sahihi. Lakini viatu vikishakuwa "them", lazima vikae katikati: "take them off". "Take off them" haipo. "Take after" ni kufanana na mzazi au ndugu aliyekutangulia, kwa hiyo baba hawezi "take after" mwanawe. Kuoga nako, Wamarekani wana "take a shower", Waingereza wengi "have a shower". Chagua moja uendelee na maisha.

Panapowasumbua watu bure ni kati ya "take" na "bring". Bure, kwa sababu Kiswahili kimeshakupa jibu: "take" ni kupeleka, "bring" ni kuleta. Dereva wa bodaboda akimwambia mwenzake kijiweni kwamba anapeleka mzigo Mbezi, ni "I'm taking a parcel to Mbezi". Akimpigia simu mwenye mzigo aliyeko Mbezi, atamwambia "nakuletea", na kwa Kiingereza pia inageuka: "I'm bringing your parcel." Mzigo ni uleule na pikipiki ni ileile, ila anayesikiliza ndiye aliyeko huko unakokwenda. Ukikwama, iseme kwanza kwa Kiswahili, usikie kama mdomo umetoa "leta" au "peleka".